Kitabu cha Pili cha Binti Mwenye Kitara: Mwongozo Kamili wa Kuandika na Kuchora Mwendelezo wa Riwaya ya Picha

Kitabu cha kwanza kimekwisha. Binti yako wa miaka 15 amejifunza kushika kitara, amegundua kwamba akivaa barakoa ya mchezo anaona ambayo wengine hawayaoni, amemshinda adui wake, na wasomaji wanakuuliza kitabu cha pili kinatoka lini. Hapo ndipo wengi hukwama. Humpa shujaa adui mkubwa zaidi na majini mara tatu ya wale wa mwanzo, kisha kurasa 40 baadaye hawajui pa kwenda.

Mimi naamini dawa imo ndani ya mchezo wenyewe. Mchezo wa vitara una kanuni kali, zilizoandikwa na zinazopimika. Ziheshimu kanuni hizo, uheshimu na kanuni za uchawi wa hadithi yako kwa ukali uleule, kisha uziache zibanane hadi binti akose pa kupenya. Kitabu cha pili kinapatikana pale anapobanwa.

Nitaeleza hatua kwa hatua, na mfano nitakaoutumia ni wangu mwenyewe: Mwanakombo, msichana wa Pumwani Majengo, Nairobi, anayelelewa na bibi yake aliyetoka Lamu.

Hatua ya 1: Kisome kitabu cha kwanza kama mdai

Chukua daftari na kalamu. Soma kitabu chako tangu ukurasa wa kwanza, na kila unapokuta jambo lililoachwa wazi, liandike. Hili mimi huliita daftari la madeni. Deni ni ahadi yoyote aliyopewa msomaji ikasahaulika njiani: mama aliyesema "tutazungumza jioni" na jioni yenyewe haikuonyeshwa, rafiki aliyeazima glavu asiirudishe, jini aliyeshindwa akaondoka akicheka.

Mimi nilipata madeni 23. Mengi yalikuwa madogo, lakini lile la jini ndilo lililobeba kitabu kizima. Nilipomchora mara ya kwanza nilimpa kicheko kwa kuwa uso wake ulikaa vizuri hivyo. Sasa nilipaswa kujiuliza: aliyeshindwa anacheka nini? Jibu lilikuja usiku wa pili. Anacheka kwa sababu aliyeshinda hajaletewa hesabu yake bado.

Andika pia miezi iliyopita kati ya vitabu viwili. Msichana wa miaka 15 akifika 16 mwili hubadilika, na mchezo huu haumsamehi. Mkono ukirefuka sentimita 2 tu, masafa yote aliyoyazoea yanamhadaa. Anafika karibu mno na shambulizi linakufa. Mchore akiwa na kizibao kinachombana mabegani, kocha akimwambia "rudi nyuma, rudi, umeota mbawa wewe." Katika mashindano ya kimataifa walio chini ya miaka 17 wana kundi lao na walio chini ya 20 wana lao, kwa hiyo siku ya kuzaliwa peke yake yaweza kumtupa mbele ya wapinzani waliomzidi nguvu.

Hatua ya 2: Ijue silaha yake mpaka uzito

Silaha za mchezo huu ni tatu: foili, epee na seba. Wachoraji wengi huchora moja wakaita nyingine, na msomaji anayeujua mchezo hufunga kitabu hapo hapo.

Foili haizidi gramu 500, na urefu wake wote haupiti sentimita 110. Mguso unahesabika kwa ncha tu, na ni lazima ufike kwenye kiwiliwili. Mkono, mguu na sehemu kubwa ya kichwa havihesabiki. Epee ina urefu huohuo lakini inaruhusiwa kufika gramu 770, kikinga mkono chake ni kikubwa, na mwili mzima tangu unyayo hadi utosi ni shabaha. Seba ni fupi kidogo, haizidi sentimita 105, na hupiga kwa ncha na kwa makali, kuanzia kiunoni kwenda juu, kichwa na mikono ikiwemo.

Kila silaha huzaa tabia yake. Epee haina mambo ya zamu: wawili wakigusana kwa pamoja wote hupata. Foili na seba zina haki ya shambulizi, yaani taa zote mbili za kuonyesha mguso zikiwaka mwamuzi huamua nani alikuwa na zamu. Msichana mwenye subira na mashaka namwekea epee. Mwenye hasira za haraka, seba. Mwanakombo ni wa foili, kwa sababu nitakazozieleza katika hatua ya 5.

Ukiweka hadithi yako zamani, angalia historia. Wanawake waliingia Olimpiki kwa foili mjini Paris mwaka 1924. Epee yao ilisubiri hadi Atlanta 1996, na seba hadi Athens 2004. Msichana wa mwaka 1985 anayeota medali ya Olimpiki kwa seba anaota kitu ambacho hakikuwapo, na hiyo yaweza kuwa hadithi kali kuliko yenye jini.

Kwa hadithi ya leo, vielelezo vipo. Ukutani mwa Mwanakombo nimechora picha tatu zilizokatwa magazetini: Inès Boubakri wa Tunisia, aliyepata shaba ya foili Rio 2016, Ibtihaj Muhammad wa Marekani, aliyeshindana Rio hiyohiyo akiwa amevaa hijabu na kurudi na shaba ya timu ya seba, na Alexandra Ndolo, aliyeipatia Ujerumani fedha ya epee katika ubingwa wa dunia mjini Cairo mwaka 2022, kisha akachagua nchi ya baba yake na kuiwakilisha Kenya Olimpiki ya Paris 2024. Picha hizo hazisemi neno lolote kitabu kizima. Msomaji anazipita kila binti anapoingia chumbani, na anajua anataka nini.

Hatua ya 3: Upe uchawi bei

Katika kitabu cha kwanza uchawi ni zawadi. Katika cha pili lazima ulipiwe, na bei yenyewe iwe na sifa tatu: ihesabike, ichoreke, na iangukie kitu anachokipenda. "Anachoka sana" haihesabiki. "Moyo wake unaingia giza" haichoreki bila kuchosha.

Nguvu ya Mwanakombo ni hii: kila mguso anaoupata akiwa ndani ya barakoa humfunulia, kwa kufumba na kufumbua, jambo analolificha mpinzani wake. Bei niliyomwekea: kila mguso hufuta neno moja alilofundishwa na bibi. La kwanza kupotea ni *uketo*, neno la kale la kina cha maji. La pili ni *kirumbizi*, ule mchezo wa fimbo wa Lamu ambao babu yake aliucheza ujanani, wanaume wawili wakizungukana na kugonganisha fimbo huku ngoma zikilia. Yeye mwenyewe alikuja kwenye vitara kwa kusimuliwa habari za kirumbizi. Sasa bibi anapolitaja neno hilo, kiputo chake cha maneno kina mwanya mweupe katikati ya sentensi. Bibi amelitamka, mjukuu hakulisikia, na sisi hatulioni.

Mwanya huo unabaki hadi ukurasa wa mwisho, kila neno lile linapotokea. Tengeneza orodha ya maneno yaliyopotea na ukurasa yalikopotea, uibandike mbele ya meza. Ukisahau mara moja tu na *uketo* likaonekana ukurasa wa 80, uchawi wote umevunjika.

Hatua ya 4: Banana kanuni na bei

Sasa kaa na kanuni za mchezo upande mmoja na bei ya uchawi upande wa pili, utafute zinapokutana.

Pambano la makundi ni miguso 5, au dakika 3. Pambano la mtoano ni miguso 15, au vipindi 3 vya dakika 3 kila kimoja, na pumziko la dakika 1 kati yake. Kwa Mwanakombo miguso 15 ni maneno 15. Hapo tayari kuna maumivu. Lakini muda ukiisha mshindi ni anayeongoza, hata kama ni 1 kwa 0! Basi anaweza kuguswa asilipe chochote, au apate mguso mmoja, apoteze neno moja, kisha ajikinge muda uliobaki. Kwa siku mbili niliamini nimempatia njia ya kutokea.

Kisha nikakumbuka kanuni ya uzembe wa kushambulia: dakika 1 ikipita bila mguso, mwamuzi huingilia kwa kadi. Mlango ukafungwa. Mchezo unamlazimisha ashambulie, uchawi unamlipisha akishambulia. Nilisimama nikazunguka chumba, kwa kuwa kitabu cha pili kilikuwa kimejiandika chenyewe. Kilichobaki ni kuamua anampigania nani, na ni neno gani hatakubali lipotee hata iweje. Kwangu ni jina la bibi.

Usiweke mapambano mengi. Mawili makubwa yanatosha, moja theluthi ya kwanza na moja mwishoni, na katikati mazoezi mafupi. Nimepima kwa wasomaji: pambano la nne likifika, vidole vinaanza kupekua kurasa.

Na muhtasari wa kitabu cha kwanza? Nusu ukurasa. Msomaji mpya ataelewa kwa kuona kovu, picha ukutani, na jinsi watu wanavyomtazama.

Hatua ya 5: Liandike pambano kama malumbano

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayowashinda wengi. Pambano la foili si fujo za kukatana. Wafaransa, ambao lugha yao ndiyo lugha ya waamuzi hadi leo, huita mfululizo mmoja wa mapigo kwa neno lilelile la sentensi. Kushambulia ni kuuliza. Kukinga ni kukataa. Kupiga baada ya kukinga ni kujibu. Na haki ya shambulizi ndiyo zamu ya kusema: anayenyoosha mkono kwanza akitishia shabaha ana zamu, na mwenzake haipati mpaka akinge au shambulizi lipite hewani.

Sisi tunayajua haya. Washairi wa pwani walilumbana hivyo miaka na miaka. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alirushiana beti na washairi wa Lamu zama za uhasama wa miji hiyo, na kila ubeti ulichukua neno la mpinzani ukaligeuza. Lile danganyo la ncha, kuelekeza kitara juu kumbe nia ni chini, ni fumbo. Mpinzani akilikinga fumbo badala ya kulifumbua, kifua kinabaki wazi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora mguso wowote, uandike kwanza kama mazungumzo. Hivi ndivyo nilivyoandika mguso wa saba wa pambano la mwisho:

*Mpinzani: Unaogopa? (hatua mbili mbele, ncha ikichezacheza)*
*Mwanakombo: Labda. (anarudi hatua moja, ndogo kuliko kawaida)*
*Mpinzani: Basi pokea! (mkono unanyooka, anajitupa)*
*Mwanakombo: Umesema wewe. (anakinga, anajibu)*

Maneno haya hayaingii kwenye viputo. Ni ya daftarini tu. Lakini mkono wako utayachora, na msomaji ambaye hajawahi kuona foili ataelewa nani kamtega nani. Mguso usioweza kuandikwa kama mazungumzo, ufute. Haukuwa na la kusema.

Hatua ya 6: Chora miguu kwanza

Njia ya mchezo ina urefu wa meta 14, na upana kati ya meta 1.5 na 2. Wachezaji huanza wakiwa meta 4 kati yao, kila mmoja meta 2 kutoka mstari wa kati. Chora mistari hiyo kila mara, hata kwa ufinyu, maana mchezaji aliyesukumwa hadi mita 2 za mwisho anaonekana amebanwa bila wewe kuandika neno.

Mkao: mguu wa mbele unamwelekea mpinzani, wa nyuma umepinda pembe mraba, visigino katika mstari mmoja, magoti yamekunjwa. Shambulizi refu la kujitupa mbele lina mpangilio usiobadilika: mkono wa silaha hunyooka kwanza, kisha mguu wa mbele huruka, na mguu wa nyuma hunyooka kama kamba iliyovutwa huku unyayo umebaki chini. Ukichora mguu umeruka ilhali mkono bado umekunjwa, umempa mpinzani zamu bila kukusudia. Kocha mmoja aliniambia hivyo akiwa ameshika kurasa zangu, nami nikachora upya kurasa 6. Ncha ikigusa, chuma hupinda kuelekea juu kama upinde. Na usisahau waya unaounganisha silaha na taa: hupita ndani ya mkono wa kizibao, hutokea mgongoni, huenda hadi kwenye kibiringo kilicho mwisho wa njia.

Sasa siri iliyonichukua miaka kuiona. Mchezaji wa mkono wa kulia akiwa upande wa kushoto wa ukurasa, mgongo wake ndio unaotutazama. Akiwa upande wa kulia, tunaona kifua. Wawili wa mkono wa kulia wakipambana, mmoja lazima atupe mgongo. Lakini ukimfanya binti yako mashoto na ukamweka kushoto, mpinzani wa mkono wa kulia akiwa kulia, vifua vyote viwili vinafunguka kwa msomaji. Si hila ya uchoraji. Kanuni za mchezo zenyewe humweka mashoto upande wa kushoto wa mwamuzi anapokutana na mtu wa mkono wa kulia, ili mwamuzi aone vifua vya wote. Taa ya upande huo ni nyekundu, ya upande wa pili kijani, na nyeupe ni mguso uliofika nje ya shabaha.

Ndiyo maana Mwanakombo ni mashoto. Nalo likaniletea hadithi nisiyoitegemea: binti aliyeambiwa utotoni asimpe mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto, ambaye bibi yake mwenyewe alimfunga kitambaa mkononi ili auzoee wa kulia, anaingia mahali ambapo mkono uleule unaogopwa. Katika kitabu cha pili bibi anakuja kumtazama kwa mara ya kwanza. Kurasa 2 nzima ni macho ya bibi na mkono ule tu.

Hatua ya 7: Tatua tatizo la uso

Barakoa ina wavu wa chuma mweusi. Shujaa wako hana uso wakati wa mambo makubwa kabisa! Kuna njia tatu, nami hutumia zote. Ya kwanza: mapumziko. Barakoa ikivuliwa ile dakika 1 kati ya vipindi, mpe uso kisanduku kikubwa, jasho na ukingo wa hijabu uliolowa ukionekana. Ya pili: ingia ndani ya barakoa, chora wavu kama mistari myembamba mbele ya macho yake. Ya tatu: ifanye mikono na mabega viseme. Salamu ya kitara kabla na baada ya pambano ni lazima kwa wachezaji wote, hivyo namna anavyosalimu, kwa haraka au kwa kunyoosha mkono mpaka mwisho, ndiyo sura yake.

Hatua ya 8: Kipe Kiswahili nafasi yake

Maneno yetu ni marefu. *Hawatatutambua* ni sentensi nzima katika neno moja, na kiputo chembamba kitalikata vibaya. Andika maneno kwanza, kwa ukubwa halisi, kisha uchore watu kuzunguka viputo. Maneno 20 kwa kiputo yanatosha. Ukilazimika kukata, kata kwenye silabi (*hawata-tutambua*), usitenganishe *mb*, *nd* wala *ng'*. Hakikisha fonti yako inaonyesha alama ya juu ya *ng'* waziwazi.

Milio ni utajiri wetu, usiazime. Kitu kinavunjika *kacha*, mtu anaanguka *pu*, ukumbi unanyamaza *jii*. Kwa sauti ya chuma kwa chuma nenda ukaisikilize. Nairobi ipo klabu ya Tsavora Fencing Mtaani inayofundisha vijana wa mitaani. Kaa pembeni saa moja ukiwa umefumba macho. Mimi nilisikia *chi-chaa*, na sauti ya viatu ilikuwa nzito kuliko ya vitara.

Hatua ya 9: Kurasa, wino na kiwanda

Wachapaji hukunja karatasi kwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo panga 96, 112 au 128. Kwa kurasa 4 kila wiki, 112 ni wiki 28. Ongeza wiki 6 za masahihisho. Kitabu cha A5 kichore kwenye A4, uskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) kama ni wino mweusi, uache milimita 3 za ziada kila ukingo.

Panga mguso na mgeuzo wa karatasi. Kurasa za namba witiri ziko kulia: shambulizi lianze chini ya ukurasa wa 47, na taa iwake msomaji anapofungua wa 48.

Rangi ni ghali. Mimi nilichapa kwa nyeusi na nyeupe tupu, na taa nikazitofautisha kwa umbo na mng'ao.

Hatua ya 10: Nakala za majaribio

Chapisha nakala 5 au 6 za bei nafuu. Mpe kocha mmoja, mtu mzima mmoja asiyejua mchezo, na wasichana wa umri wa shujaa wako. Usiwaeleze lolote. Kaa kando, uandike wanaporudi nyuma kurasa na wanaposimama.

Tumia karatasi isiyong'aa. Msichana mmoja wa miaka 14 alinirudishia nakala akiwa ameshikilia penseli bado. Kila palipokuwa na mwanya mweupe kwenye viputo vya bibi, alikuwa amelirudisha neno lililopotea kwa mwandiko wake, kuanzia *uketo* hadi la mwisho, na pembeni ya ukurasa wa 109 ameandika kwa herufi ndogo: "Mwambieni Mwanakombo mimi ninayo." Karatasi ya kung'aa isingeshika penseli ile.